Nani Anachora Waya wa Floti? Wahandisi Wote wa Maji ya Ghorofa ya Nne

Mtu akisema "mimi ni injinia" bado hajakuambia anafanya kazi gani. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1973 kilikuwa na fani tatu: ujenzi, umeme na mitambo. Tangu hapo fani zimezaa fani. Ndani ya ujenzi peke yake kuna wa miundo, wa barabara, wa udongo na misingi, na wa maji. Ndani ya umeme kuna wa umeme mkubwa, wa mawasiliano na wa mifumo ya kujiendesha. Wa mitambo unaweza kumkuta kiwandani, mgodini, kwenye viyoyozi au kwenye pampu.

Mgawanyo huu ni mzuri, kwa sababu hakuna kichwa kimoja kinachoweza kubeba yote. Shida ni kwamba jengo halina habari na vitivo. Bomba moja huanza mikononi mwa mtu wa miamba, likapita kwa mtu wa pampu, likaingia kwenye zege la mtu wa miundo, na likawashwa na mtu wa umeme. Kazi zinazoharibika mara nyingi haziharibikii katikati ya fani, maana huko kila mtu yuko makini. Zinaharibikia pale fani mbili zinapogusana, na kila mmoja kadhani mwenzake ndiye mwenye kipande hicho.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: jengo la ghorofa nne Dar es Salaam, maduka chini, nyumba 12 juu, kisima kirefu uani na tanki la lita 5,000 juu ya paa. Ni jengo la kawaida kabisa. Tukikadiria watu watano kwa nyumba na lita 80 kwa mtu, linahitaji lita 4,800 kwa siku. Tuyafuate maji hayo kutoka ardhini mpaka kwenye bomba la bafuni, tuone yanapita mikononi mwa akina nani.

Kisima: ripoti inayosomwa mstari mmoja

Wa kwanza ni mtaalamu wa haidrojiolojia, anayesoma miamba na maji yaliyomo. Yeye ndiye anayepima eneo na kushauri mahali pa kuchimba na kina. Kibali cha kuchimba na kutumia maji hutolewa na bodi ya maji ya bonde, na kwa Dar es Salaam ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, chini ya sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ya mwaka 2009. Baada ya kuchimba, kisima hupimwa kwa kusukuma: kwanza kwa hatua, kila hatua kiasi kikubwa zaidi, kisha kwa kiasi kimoja kisichobadilika, kwa kawaida saa 24, halafu pampu inazimwa na kupimwa jinsi maji yanavyorudi.

Ripoti inayotoka hapo ina mambo matano yenye uzito: kina cha maji kisima kikiwa kimetulia, kina cha maji pampu ikiwa inafanya kazi, kiasi salama cha kusukuma, mahali zilipo skrini (yale mabomba yenye matundu yanayoingiza maji), na ubora wa maji. Mhandisi wa mitambo anayechagua pampu mara nyingi hutafuta jambo moja tu, kiasi cha maji kwa saa, kisha anafunga faili. Hapo ndipo kosa la kwanza linapozaliwa.

Chukua suala la chumvi. Pwani yetu maji baridi ya ardhini yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu maji ya bahari ni mazito zaidi, takriban kilo 1,025 kwa meta ya ujazo dhidi ya 1,000. Kutokana na tofauti hiyo, kila meta moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inasawazishwa na takriban meta 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Igeuze hesabu: ukivuta mpaka ukashusha maji kwa meta moja, mpaka wa maji ya chumvi unaweza kupanda hadi meta 40 hali ikitulia. Ndiyo maana visima vya pwani huanza na maji matamu na baada ya muda vinageuka. Pampu kubwa mno imeharibu kazi ambayo mtaalamu wa miamba aliifanya kwa uangalifu, na aliyeichagua hakuwa na nia mbaya. Aliona kisima kinaweza kutoa, akachukua.

Kwa jengo letu pampu ya meta 3 za ujazo kwa saa hujaza mahitaji ya siku kwa saa moja na dakika 36. Pampu ya meta 1 ya ujazo kwa saa hufanya kazi hiyo kwa takriban saa 5. Kwa kisima cha karibu na bahari, ya pili ndiyo sahihi, hata kama kisima kilipopimwa kilionyesha kinaweza kutoa zaidi.

Lakini angalia kinachofuata. Mota ya pampu ya kuzama hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake yakielekea kwenye pampu, na maji hayo yanatakiwa kwenda kwa kasi isiyopungua takriban sentimita 8 kwa sekunde. Katika kesingi (bomba linalokinga kuta za kisima) ya inchi 6 yenye mota ya inchi 4, meta 3 za ujazo kwa saa zinafikisha kasi hiyo kwa shida. Meta 1 kwa saa inatoa theluthi moja tu, na mota itaungua ikiwa ndani ya maji. Dawa yake ni rahisi: bomba la kuvisha mota, wazi upande wa chini, ili maji yote yalazimike kupita karibu nayo. Dawa hiyohiyo inahitajika pampu ikiwekwa chini ya skrini, kwa sababu hapo maji huingia kutoka juu bila kuigusa mota kabisa. Sasa bomba hilo la kuvisha ni kazi ya nani? Muuza pampu hajui nafasi ya skrini. Mchimbaji hajui pampu gani itanunuliwa. Mwenye ripoti alishalipwa akaondoka. Lazima mhandisi wa mitambo aiombe ripoti yote na aisome yote.

Jambo jingine la kisima hutokea mapema zaidi. Makandarasi wengi huchimba kisima mwanzoni ili wapate maji ya ujenzi. Maabara inapima maji kama yanafaa kunywa, cheti kinakwenda kwa mwenye jengo, na mhandisi wa miundo hakioni. Yeye ndiye anayepaswa kukiona kwanza, kwa sababu ya kloraidi iliyomo kwenye chumvi. Kwa zege lenye nondo, kiwango cha Ulaya cha maji ya kuchanganyia kinaruhusu kloraidi isiyozidi miligramu 1,000 kwa lita. Maji yenye chumvi hayazuii zege kushika, wala mchemraba wa zege la majaribio wa sentimita 15 ukivunjwa siku ya 28 hautakuambia kitu. Madhara yanakuja baadaye: nondo zinapata kutu, kutu inatanuka, na zege la kufunikia linapasuka na kudondoka. Kwa hiyo namba moja kwenye cheti cha maabara ya maji ni taarifa ya lazima kwa mtu wa zege, na njia pekee ya kuifikisha ni kuamua mapema kwamba nakala itakwenda kwake.

Pampu na kebo: hesabu mbili zinazopaswa kuwa moja

Mhandisi wa mitambo anajumlisha kimo chote, yaani urefu ambao pampu inapaswa kuyapandisha maji. Tuseme maji wakati wa kusukuma yako meta 45 chini, mdomo wa tanki uko meta 18 juu ya ardhi, na msuguano wa mabomba na valvu unaongeza meta 5. Jumla ni meta 68. Kwa meta 3 za ujazo kwa saa (tuseme kisima kiko mbali na bahari), nguvu inayoingia kwenye maji ni takriban wati 560. Pampu ndogo za namna hii zina ufanisi wa karibu nusu, hivyo mota inatakiwa kutoa kama kilowati 1.1, na saizi inayofuata dukani ni kilowati 1.5. Anaandika "pampu 1.5 kW, fezi moja" na kwake kazi imekwisha.

Mhandisi wa umeme anapokea mstari huo. Mota kama hiyo kwa volti 230 inakula ampea 10 hivi. Waya wa mm² 2.5 unabeba ampea hizo bila kupata moto, kwa hiyo anaandika 2.5. Hajakosea kanuni ya joto. Ila hajui kitu ambacho mwenzake hakuandika: umbali. Kutoka kwenye bodi hadi mdomo wa kisima ni meta 30, na kutoka hapo hadi kwenye mota ni meta 60 nyingine. Kwenda na kurudi ni meta 180 za shaba.

Waya wa 2.5 una ukinzani wa takriban omu 7.4 kwa kilomita, kwa hiyo meta 180 zina omu 1.33. Kwa ampea 10 unapoteza volti 13, yaani karibu asilimia 6, wakati kanuni za Uingereza zinazofuatwa na wengi huku kwetu zinashauri isizidi asilimia 5 kwa matumizi yasiyo ya taa. Pampu itazunguka, lakini tazama wakati wa kuwaka. Mota inapoanza huvuta mara tano au zaidi ya ampea zake za kawaida. Kwa waya huo, volti inayoifikia mota inashuka hadi karibu 178, na kwa kuwa nguvu ya kuzungusha hufuata mraba wa volti, mota inaanza na asilimia 60 tu ya nguvu yake. Hiyo ni siku ambayo mtaa una volti 230 kamili. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha, volti hushuka zaidi. Mota inanguruma bila kuzunguka, kinga inakata, msimamizi wa jengo anaibonyeza tena, na baada ya wiki chache fundi anaitwa kuivuta pampu. Atasema pampu ni feki. Pampu nyingi zinasingiziwa kosa la waya.

Waya wa mm² 4 unashusha upotevu hadi volti 8 na kidogo, asilimia 3.6. Wa mm² 6 unafika asilimia 2.4. Mimi kwa kisima chenye kina hicho ningechukua 6, kwa sababu kuivuta pampu mara moja tu kunagharimu kuliko tofauti ya bei ya kebo. Kilichohitajika ni namba mbili zilizokuwa kichwani mwa mtu wa mitambo, kina cha pampu na umbali wa kisima, ziandikwe kwenye mstari uleule wa kilowati.

Kama jengo linataka sola, mtu mwingine anaingia mezani. Sola inaendana vizuri na kisima cha pwani, kwani inasukuma polepole mchana kutwa badala ya kuvuta kwa kishindo. Ila paneli zinapokaa juu ya paa zinashika upepo, na upepo huo unaishia kwenye kenchi au kwenye slabu. Mtu wa sola anafunga reli kwenye bati kwa skrubu, na reli haijafika kwenye mbao wala chuma kinachobeba paa. Mhandisi wa miundo anatakiwa aonyeshwe mahali pa kila mguu kabla ya kufunga.

Waya wa floti

Sasa kwenye kipande ambacho, kwa maoni yangu, husahauliwa kuliko vyote.

Tanki likijaa, pampu izime. Tanki likipungua, iwake. Kisima kikikauka, izime hata kama tanki ni tupu. Kwa hayo kunahitajika floti (swichi inayoelea) ndani ya tanki, kinga ya ukavu kisimani, na waya unaotoka tankini hadi kwenye boksi la kuendeshea pampu chini. Mchoro wa umeme unaonyesha nguvu: bodi, breka, kebo ya mota. Mchoro wa mabomba unaonyesha tanki na floti yake, kama kifaa cha bomba. Waya unaounganisha floti na boksi hauko kwenye mchoro wowote. Mkadiriaji majenzi anahesabu kilichochorwa, kwa hiyo haumo hata kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na vipimo inayowekewa bei. Na stata yenyewe, yaani kifaa cha kuwashia mota chenye kontakta na relei ya kuikinga, inaweza kuwemo mara mbili, kwenye bei ya mitambo na kwenye bei ya umeme, au isiwemo kabisa.

Jengo linapigwa plasta na rangi, vigae vinawekwa, ndipo siku ya kuwasha pampu mtu anauliza waya wa floti uko wapi. Sasa ni njia ndefu kutoka paani hadi chini, na hakuna bomba la waya lililozikwa ukutani. Suluhisho la haraka ni msimamizi kuwasha na kuzima kwa mkono. Usiku anasahau, na tanki linamwaga juu ya slabu mpaka asubuhi. Au fundi anapitisha waya nje ya ukuta, wa volti 230, unaoishia kwenye floti iliyo ndani ya maji watu wanayooga. Hilo lisifanyike. Floti itumie volti 24 kupitia transfoma ndogo na relei ndani ya boksi, na bomba la waya la mm 20 lizikwe sambamba na bomba la maji la kupandishia, kabla ya plasta.

Nani auchore? Jibu langu ni mhandisi wa umeme auchore, wa mitambo auandikie maelezo ya nini kiwashe nini, na boksi zima linunuliwe na anayeleta pampu, kwa sababu relei ya kinga lazima irekebishwe kwa ampea za mota iliyokuja kweli. Ofisi nyingine zinagawa tofauti na zinafanikiwa. Muhimu mgawanyo uandikwe kabla ya kutangaza zabuni.

Tanki: tani tano mahali padogo

Lita 5,000 ni tani 5 za maji. Tanki la plastiki la ukubwa huo lina kipenyo cha karibu meta 1.8, yaani linakalia meta za mraba 2.5. Ni tani 2 kwa kila meta ya mraba. Sakafu ya nyumba ya kuishi husanifiwa kwa mzigo wa watu na fanicha wa kilo 150 hadi 200 kwa meta ya mraba. Tanki limezidi mara kumi. Mhandisi wa miundo akijua mapema analiweka juu ya makutano ya bimu na nguzo, na gharama ya ziada ni nondo chache. Asipojua, fundi bomba analiweka pale bomba linapotokea.

Kuna pia suala la presha. Kila meta 10 za kimo hutoa takriban baa 1. Tuseme slabu ya paa iko meta 15 juu ya ardhi na kitako cha tanki kiko meta moja na nusu juu yake. Bafu la chini, mdomo wake ukiwa meta 2 juu ya ardhi, lina meta 14.5 za kimo, karibu baa 1.5, raha tupu. Bafu la ghorofa ya nne lina meta 2.5 tu, yaani robo baa. Maji yatatoka, lakini hita nyingi za papo hapo hazitawaka kwa presha hiyo. Mtu wa mabomba atasema tanki lipandishwe kwa stendi ya meta 6. Mtu wa miundo ataona miguu minne yenye tani moja na robo kila mmoja, ikibonyeza slabu kwenye nukta nne, na ataona tanki tupu likipigwa upepo wa kusi likitaka kuangusha stendi. Mbunifu majengo ataona tanki la buluu juu ya sura ya jengo lake. Mtu wa umeme hajaulizwa, na huenda ndiye mwenye jibu rahisi: pampu ndogo ya kuongeza presha kwa ghorofa ya juu peke yake, yenye saketi yake. Ningechagua hiyo. Stendi ndefu paani ni kutafuta shida kwa ajili ya baa nusu.

Bomba la kumwagia ziada liwe kubwa kuliko la kuingizia. Maji yanaingia kwa kusukumwa na pampu, ila yanatoka kwa kimo cha sentimita chache tu. Kama la kuingizia ni inchi 1¼, la ziada liwe inchi 2, na lishuke hadi mahali linapoonekana chini, lisiishie kwenye slabu. Slabu inayolowa kila usiku pwani huoza nondo zake.

Na mashimo. Mabomba ya maji safi ni membamba na yanapinda popote. Bomba la choo la mm 100 halina hiari hiyo: kwa mteremko wa 1 kwa 40, likitembea meta 6 limeshashuka sentimita 15, na linahitaji nafasi chini ya slabu ambako tayari kuna bimu na labda kiyoyozi. Likikutana na bimu, fundi anatoboa. Shimo dogo linaweza kukubalika katikati ya urefu wa bimu na katikati ya kimo chake, mhandisi wa miundo akiridhia kwa saini. Karibu na nguzo ni marufuku, kwa sababu hapo ndipo nguvu ya kukata ni kubwa na ringi (nondo nyembamba za kuzungushia) zinafanya kazi, na nondo za chini hazikatwi popote. Kipande cha bomba kikiachwa kwenye fomu (mbao za kumwagia zege) kabla ya kumwaga kinagharimu karibu na bure. Kutoboa baadaye kunakata chuma ambacho mtu alikipigia hesabu.

Vyeo, saini na madaraka

Juu ya fani kuna ngazi, nazo zinachanganya watu vilevile. Kwa Tanzania, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1997, inasajili kwa madaraja: mhandisi mhitimu bado anajifunza chini ya wengine, mhandisi mtaalamu anaweza kubeba dhamana ya kazi, mhandisi mshauri anatoa huduma za ushauri. Makandarasi wana bodi yao, na wabunifu majengo pamoja na wakadiriaji majenzi wana yao. Fundi sanifu na fundi stadi aliyetoka VETA (vyuo vya ufundi stadi) si wahandisi wadogo, ni kazi nyingine zenye ujuzi wake. Kuunga kebo ya pampu isiyopitisha maji ni kazi ya mikono ya fundi mzoefu, na mhandisi mwenye busara hashindani naye hapo.

Kwenye eneo la ujenzi unaweza kukuta wahandisi watatu wa fani ileile, na mamlaka tofauti kabisa. Wa mkandarasi anapanga kazi na kuhakikisha inajengwa kama mchoro. Mhandisi mkazi yuko upande wa mshauri: anakagua nondo kabla ya zege, anakataa au kukubali. Wa mwenye mali anaangalia fedha na muda. Wa mkandarasi hana ruhusa ya kubadili saizi ya kebo kwa sababu duka limeishiwa. Mhandisi mkazi wa ujenzi naye hana ujuzi wa kukubali badiliko hilo peke yake, hata kama kofia yake ni nyeupe. Anatakiwa kumwandikia mwenzake wa umeme na kusubiri jibu la maandishi.

Karatasi moja inaokoa mengi. Kabla ya zabuni, kaeni wote na michoro yote mezani, mfuate maji kama tulivyofanya hapa, na kila yanapovuka kutoka mikono hii kwenda ile andikeni nani anasanifu, nani ananunua, nani anafunga, nani anapima. Safu nne. Kwa mfumo huu mistari haitafika 20: kifuniko cha kisima, bomba la kuvisha mota, kebo ya kuzama, stata, kinga ya ukavu, waya wa floti, floti yenyewe, mashimo ya bimu, stendi, ulinzi wa radi wa stendi, bomba la ziada. Mstari wenye majina mawili kwenye safu moja ni hatari sawa na usio na jina.

Siku ya kuwasha

Wote wawepo, au wawakilishi wao. Pimeni na kuandika: volti kwenye boksi pampu ikiwa imezima, volti wakati wa kuwaka, volti na ampea ikitembea, kina cha maji kisimani kabla na baada ya saa kadhaa, muda wa kujaza tanki, na chumvi ya maji kwa kipimo cha mkononi. Inueni floti kwa mkono, pampu izime. Jaribuni kinga ya ukavu. Acheni tanki lifurike kwa makusudi mwone kama bomba la ziada linatosha. Bandikeni namba hizo ndani ya mlango wa boksi, na tarehe.

Namba hizo ndizo zitakazosema nani aitwe mwaka ujao. Maji yamepungua na ampea zimepungua: maji ya kisima yameshuka au pampu imelika kwa mchanga, pimeni kina kwanza. Maji yamepungua lakini ampea ziko palepale au zimepanda kidogo: bomba limetoboka ndani ya kisima na pampu inasukuma maji yakirudi chini. Ampea zimepanda na volti imeshuka: ni kazi ya mtu wa umeme, pampu isiguswe. Ampea zimepanda na volti ni nzuri: kuna kitu kinakaba mzunguko, zimeni kabla mota haijaungua. Na kama kila kitu kiko sawa ila chumvi imepanda, punguzeni kiasi cha kusukuma siku hiyohiyo na mwiteni mtaalamu wa haidrojiolojia. Fundi pampu hana cha kufanya hapo, na pampu kubwa zaidi itaharakisha chumvi.